Spika za Chumba cha Boriti

Baba alipofariki alituachia nyumba, kisima cha uani na sanduku la bati lenye kanda 63. Sanduku hakuna ndugu aliyelitaka, nikalichukua mimi. Mwandiko wake uko juu ya kila kanda, wino wa buluu, namba kwanza halafu neno moja au mawili: “Harusi, Langoni”, “Udi tupu”, “Maulidi, usiku wa pili”. Nyingine zilinunuliwa Mombasa, enzi ambazo duka la Mbwana Radio Service lilikuwa likirekodi na kuuza taarab. Nyingine ni za Zein l’Abdin, mwana wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufariki 2016 akiwa ameupa udi wa pwani hii, ile ala ya nyuzi, sauti ambayo wapigaji wa leo bado wanaitafuta. Lakini nyingi ni za Baba mwenyewe, alizozirekodi kwa redio-kaseti iliyowekwa juu ya stuli, pembeni ya wapigaji, na zile hazipatikani popote pengine duniani.

Ukanda wa kaseti hauna upana wa hata milimita 4. Unapita mbele ya kichwa cha deki, mashine ya kuchezea kanda, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na ndani ya kipande hicho chembamba mna pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti, mna risha, kile kipande cha kupigia udi, ikikwaruza uzi, mna wanawake wakicheka nyuma ya pazia. Mama ana miaka 71 na anataka kuvisikia vyote. Makala hii ni habari ya jinsi nilivyohangaika mwaka mzima kumtafutia spika za kuvisikilizia, katika chumba ambacho hakikujengwa kwa ajili ya spika.

Nyumba yetu iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu. Chumba ninachokizungumzia ni msana wa juu: urefu mita 6.2, upana mita 2.6. Anayeijua Lamu haulizi kwa nini ni chembamba hivyo. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo chake. Ukiilaza mbali mno kutoka ukuta hadi ukuta itapinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Kwa hiyo wazee walijenga vyumba vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kuta za matumbawe nene karibu nusu mita. Mkoko ndio uliopanga vipimo vyetu. Ukileta kabati, mkoko umeshaamua. Ukileta kitanda, vilevile. Na nilivyokuja kugundua, hata udi utasikikaje humu ndani, mkoko una neno lake.

Spika za Baba zilikuwa mbili, za mbao, zilizokaa juu ya kabati tangu nikiwa darasa la tatu. Nilipoziunganisha zikatoa mkwaruzo kama mtu anayeburuta mkeka juu ya mchanga. Nikafungua kitambaa cha mbele. Ile pete ya sponji inayoshikilia koni, sehemu inayotetemeka kutoa sauti, kwenye fremu yake ilikuwa imegeuka unga mweusi; niliigusa kwa kidole ikadondoka yote. Koni ilikuwa inaning’inia, haina kinachoirudisha mahali pake. Sponji ya aina ile huoza yenyewe kwa miaka, na unyevu wa pwani unaiharakisha. Kuna mafundi wanaobandika pete mpya, lakini za kipimo kile sikuzipata, na koni zenyewe zilikuwa zimeshaliwa na mende ukingoni.

Kaka yangu wa Mombasa aliposikia hakusubiri. Alinunua seti nzima, wufa moja kubwa, yaani spika ya besi, na spika tano, akaipakia kwenye basi. Nilikwenda kuipokea Mokowe, gati la bara, tukaivusha kwa boti, hamali akaibeba kwa mkokoteni kutoka gatini mpaka mlangoni kwetu. Ngazi zetu zina upana wa mtu mmoja na zinapinda katikati. Wufa ile ilikwama kwenye pindo, ikabidi ishushwe, ivuliwe miguu, ipandishwe ubavuni, na bado iliacha mchubuko kwenye chokaa wenye urefu wa kiganja. Mchubuko ule uliniuma. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwamo, ukuta ule umepigwa chokaa kwa mkono wa mtu na hauna hatia.

Tuliipanga seti kwenye ukuta mrefu, maana ndiko kulikokuwa na soketi. Mama akaketi kwenye mkeka, mgongo ukiegemea ukuta mrefu wa pili, unaoelekeana na seti. Nikaweka kanda namba 17, “Udi tupu”. Alisikiliza dakika mbili, mikono juu ya magoti, halafu akasema maneno ambayo nimekaa nayo tangu siku ile:

“Mwanangu, naisikia nyumba. Udi siusikii.”

Alikuwa sahihi kwa kila herufi. Kila mpigaji aliposhuka kwenye uzi mzito, chumba kizima kilinguruma mnguruma mmoja, uleule, kama mtungi unaopulizwa mdomoni. Nyuzi nyembamba zilifunikwa. Nilipunguza besi, mnguruma ukabaki. Nilisimama katikati ya chumba, na hapo ajabu: uzi mzito ukapotea kabisa. Hatua moja kuelekea ukutani, ukarudi umevimba.

Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma kabla sijaelewa, na nikielewa kitu napenda kukieleza polepole, kwa hiyo nivumilie. Sauti katika joto letu husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la hezi 67, yaani mitetemo 67 kwa sekunde, lina urefu wa mita 5.2 hivi. Nusu ya 5.2 ni 2.6, na huo ndio upana wa msana wetu. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta huu likarudi, likagonga ule likarudi, linajikuta linajijibu lenyewe na kusimama palepale. Karibu na kuta linajaa. Katikati ya chumba linakufa. Sasa uchukue udi: uzi wake mzito kabisa, katika namna ya Kiarabu inayotumika sana ya kukaza nyuzi, huwekwa karibu na hezi 65. Yaani uzi mzito wa udi na upana wa chumba cha boriti ni kama ndugu waliopishana kidogo tu. Mpigaji akiugusa, chumba kinaitikia kwa nguvu kuliko udi wenyewe. Na sisi tulikuwa tumeweka wufa ukutani, mahali linapojaa, na Mama tumemketisha ukuta wa pili, mahali linapojaa tena.

Wufa kubwa katika chumba kile haikuwa na kosa ila moja, kwamba haikuwa mahali pake. Kaka yangu aliirudisha Mombasa, yeye ana sebule pana, na huko inapiga vizuri. Mimi nikaanza kutafuta kitu kidogo.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: spika ndogo si spika kubwa iliyonyimwa. Ina historia yake na watu waliokesha nayo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyofungwa boksi pande zote, hewa iliyomo ndani ikifanya kazi ya springi ya kuirudisha koni. Kabla ya hapo aliyetaka besi nyumbani alinunua boksi la ukubwa wa kabati. Mtu mwingine wa zama hizo, Josef Anton Hofmann, alilieleza tatizo zima kwa namna ambayo mafundi wanaitaja hadi leo: kuna mambo matatu unayoyataka, besi ya chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati kidogo. Unapewa mawili. La tatu unaliacha.

Wahandisi wa BBC kule Uingereza walikubali mapema kuacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari yao ya kurushia matangazo, chumba kidogo kuliko msana wetu. Walitengeneza boksi lenye kimo cha sentimita 30.5, upana 19 na kina 16, limefungwa pande zote, wakaliita LS3/5A. Besi ya chini kabisa waliiachilia mbali. Walichokishikilia ni sauti ya binadamu, kwamba mtangazaji akizungumza studioni, anayesikiliza ndani ya gari amsikie mtu yuleyule. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria Baba, aliyekuwa hakosi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, idhaa iliyoanza 1957, redio ikiwa imeegemezwa dirishani ili ishike masafa. Spika zenyewe za LS3/5A leo ni vitu vya watu wanaokusanya, bei yake si ya kuzungumzia hapa. Lakini zilinifundisha nitafute nini: boksi lililofungwa, dogo, linalosema kweli kuhusu sauti ya mtu, na lisilojaribu kushuka chini ya pale chumba changu kinapoanza kunguruma.

Nilianza na vipimo kabla ya pesa. Wazo la kwanza lilikuwa vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Ukuta mfupi wa mwisho una vidaka 12 vya chokaa, vimechongwa ukingoni, na kimoja kina upana wa sentimita 24, kimo 36, kina 18. Nilijiambia, mababu wametujengea rafu ya spika bila kujua. Nilikata katoni za biskuti nikaunda maboksi mawili ya vipimo nilivyovitaka, nikayatia humo, nikayaacha wiki nzima ili macho ya Mama yazoee. Siku ya tatu alikuja akayatoa, akarudisha bakuli zake mbili za kaure, akasema hapo pana wenyewe. Baadaye niliazima spika ya jirani nikaijaribu kidakani kwa nusu saa, na nikaona Mama ameniokoa. Spika iliyotiwa ndani ya tundu la chokaa inatoa sauti ya mtu aliyetia kichwa mtungini. Na kama ina tundu la hewa nyuma, kama zilivyo nyingi, unakuwa umeliziba pumzi.

Kutundika ukutani sikutaka hata kulifikiria. Matumbawe yakitobolewa kwa mashine yanamung’unyuka, na unachokipata ni shimo la ukubwa wa ngumi.

Spika moja ya Bluetooth, zile za mviringo zinazouzwa kila mahali, nilizijaribu tatu. Jikoni zinafaa sana. Zina ufundi mkubwa ndani, na kwa udogo wake zinatoa besi inayoshangaza. Lakini ukisikiliza kwa makini, besi ile inatengenezwa kwa kubanwa: ukiongeza sauti, mashine inaikata kimyakimya ili koni isipasuke, na uzi mzito wa udi unabadilika rangi katikati ya wimbo. Kwa mtu anayetaka kumsikia mpigaji fulani, kwa mkono wake yeye, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna habari ya wati. Dukani Mombasa, mtaa ambao maduka ya redio yamepangana kama meno, kijana mmoja mwenye heshima zake alinitolea boksi linalong’aa.

“Dada, hii wati elfu tatu. Ukifungulia, jirani anahama.”

Nikamwambia jirani yangu simtaki ahame, tumeshiriki ukuta na bibi yake alimzalisha bibi yangu. Nikamwomba anioneshe adapta. Iliandikwa volti 24, ampea 3. Ukizidisha unapata wati 72, na kifaa hakiwezi kutoa nguvu kuliko inayoingia. Zile elfu tatu ni namba za kwenye boksi tu, zinazoandikwa na herufi PMPO, na ukiziona endelea na safari.

Ukweli wa wati katika chumba chembamba ni wa kutuliza moyo. Spika ya wastani katika zile ndogo hutoa sauti yenye ukubwa wa desibeli 84 kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni desibeli 60 hivi. Sisi tunaketi mita mbili na kidogo kutoka kwenye spika, na mji wetu wa kale hauna magari vichochoroni; usiku unachokisikia ni punda, mawimbi, na mlango wa mtu ukifungwa. Katika utulivu huo desibeli 70 ni sauti iliyoshiba. Mara nyingi, basi, mashine yetu inatumia sehemu ya wati moja. Unaacha nafasi kwa ajili ya pale mpigaji anapokaza mkono, na wati 20 au 30 zinatosha na kubaki. Kuongeza mara mbili, kutoka 30 hadi 60, kunakupa desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio linaigundua kwa shida.

Spika zangu nilizipata siku ya pili, duka la vyombo vya mitumba vilivyotoka Ulaya, chini ya meza, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kimo sentimita 28, upana 17, kina 20. Hazina tundu mbele wala nyuma. Pete ya koni ni ya mpira, si ya sponji, na mpira huu unastahimili unyevu kwa miaka mingi. Nilifanya mambo niliyojifunza. Nilibisha ubavuni kwa kifundo cha kidole, nikasikia mlio mfupi, mkavu, si wa ngoma. Niliisukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa kisha nikaiachia. Ikarudi polepole, kama mlango unaoelea juu ya hewa, na hiyo ni dalili kwamba boksi halivuji. Koni ya boksi linalovuja inaruka kurudi. Baada ya hapo nilimwomba mwenye duka aweke redio, si muziki. Mtangazaji mwanamume alikuwa anasoma habari. Spika mbaya humpa kila mwanamume kifua asichokuwa nacho. Huyu alisikika kama mtu aliyeketi kwenye kiti, ana koo, ana meno, ameshika karatasi. Nililipa shilingi 11,000 kwa mbili, na wakati ananifungia nilikuwa na hofu asije akabadili nia.

Amplifaya ilikuwa kazi rahisi. Mashine za zamani, ile ya Baba ikiwamo, hupoteza karibu nusu ya umeme kuwa joto, ndiyo maana zilikuwa kubwa na mgongo wake ulichoma mkono. Hizi mpya za aina inayoitwa darasa la D huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa sana badala ya kuubana, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zinafika kwenye spika. Kwa hiyo haihitaji chuma kikubwa cha kupoza. Yangu inaingia kwenye kiganja, na inakubali volti 12 hadi 24. Hilo la volti 12 ndilo lililonifanya niichague, maana umeme ukikatika naichomeka kwenye betri ya sola, ileile inayowasha taa ya ngazini, na kinachopigwa kwenye simu kinaendelea. Shilingi 6,500.

Kutoka Mokowe nilizipakata spika miguuni mwangu kwenye boti, nimezifunika leso mbili, maana maji yalikuwa yanarusha. Chumvi ndiyo adui wa vyombo hivi kuliko joto. Nikifika nyumbani nilisafisha vishikio vya waya kwa spiriti, nikapaka mafuta mepesi kidogo sana, na tangu hapo nafanya hivyo kila msimu upepo ukibadilika, ukija kusi na ukija kaskazi.

Sasa mahali pa kuziweka. Hapa ndipo niliporudi kwenye lile wimbi linalosimama. Lina tabia moja: ukuta wa kushoto ukisongwa na hewa, ukuta wa kulia unaachiwa, halafu wanabadilishana. Ukiweka spika kwenye ukuta mrefu unalisukuma wimbi kwa upande mmoja, nalo linafurahi. Lakini ukiziweka kwenye ukuta mfupi, moja kushoto na moja kulia, kwa umbali sawasawa kutoka katikati, zote zinasukuma kwa pamoja. Moja inalipa wimbi mkono, ya pili inalishika mguu. Haliinuki. Na kanda za Baba ni za sauti moja, kinachotoka kushoto ndicho kinachotoka kulia, kwa hiyo hesabu inakubali kabisa.

Nilimwendea seremala wa mtaani kwetu, mtu ambaye kazi yake ni milango ya kuchonga, nikamweleza nataka vigoda viwili vya spika vyenye kimo cha sentimita 50.

“Mbona vifupi?” aliuliza. “Nimewahi kutengenezea mgeni mmoja, alitaka virefu.”

“Fundi, yule mgeni huketi kwenye kochi. Mama huketi kwenye mkeka.”

Aliweka penseli chini akaketi sakafuni pale pale kwenye mavumbi ya mbao, akaniambia nipime. Sikio lake lilikuwa sentimita 74 kutoka chini. Ile spika nyembamba ya juu, tuita, inapendeza ikitazama sikio moja kwa moja, kwa sababu sauti nyembamba husafiri kwa mstari na hazipindi sana. Kigoda cha 50 na spika ya 28, tuita inaangukia kwenye sikio la mtu aliyeketi chini. Alivitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye mlango wa mvule, akavizidishia uzito chini ili paka wasiviangushe, na sikumwomba alichonge lakini kila kigoda kina waridi dogo ubavuni.

Tukavisogeza vigoda hadi sentimita 25 kutoka ukuta mfupi. Spika ikisogea karibu na ukuta, ukuta unaiongezea besi bure, na ndogo kama hizi zinahitaji msaada huo; lakini ikibanwa kabisa inaanza tena ule mdomo wa mtungi. Sentimita 25 niliipata kwa kusogeza kidole kwa kidole, jioni tatu mfululizo. Chumba chenyewe, kwa kuta zake za chokaa ngumu, kilikuwa kinarudisha kofi: ukipiga makofi mara moja unasikia tatatata likikimbia kati ya kuta mbili ndefu. Tulitundika leso za zamani za Mama upande mmoja, kwenye kamba, mbele ya ukuta, tukaweka godoro lililokunjwa upande wa pili. Kofi likanyamaza. Vile vidaka 12 vilibaki nyuma ya wasikilizaji na bakuli zake, na naamini vinasaidia, kwa sababu sauti ikifika pale haikuti ukuta bapa, inakuta mashimo na kingo za kina mbalimbali, inatawanyika.

Deki ilibaki na kazi moja. Kando ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayokiinamisha. Kila redio-kaseti iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, na kanda ikichezwa kwa mwinamo tofauti, sauti nyembamba zinafifia kana kwamba mpigaji yuko nyuma ya blanketi. Niliizungusha skrubu ile chini ya robo mzunguko, taratibu, kanda 17 ikipiga, na mahali fulani blanketi likaanguka. Risha ikatokea. Nilikuwa nimeisikiliza kanda ile mara hamsini na sikujua kama risha yake inasikika.

Nikamwita Mama. Alikuwa ametoka kuswali Isha. Adhana ikiingia huwa tunazima kabla muadhini hajamaliza neno la kwanza, na baada ya Isha ndio wakati wetu mzuri, mji umetulia. Aliingia, akaketi pale alipozoea, mgongo ukutani. Nikaanza upya. Hakusema kitu. Baada ya muda akaunyanyua mkeka wake kwa ncha, akausogeza mbele kidogo, akaketi tena. Akausogeza tena, kiasi cha shubiri. Mpigaji alishuka kwenye uzi mzito, na niliusikia ukifika mzima, ukakaa, ukaisha, ukaupisha unaofuata.

“Ndoo uketi hapa,” aliniambia, akigonga mkeka upande wake. “Hapa ndipo.”

Nilikwenda nikaketi. Asubuhi yake, alipokuwa kisimani, nilipapima. Ni kama mita 2.3 kutoka kwenye spika, na sentimita 80 kutoka ukuta wa kushoto, mahali ambapo wimbi la upana halijajaa wala halijafa. Nilikuwa nimepanga kumwonesha mahali hapo kwa hesabu zangu. Nimepaka alama ndogo ya chokaa sakafuni ili mkeka ukifagiliwa urudi palepale.

Kanda 22 nimeshazihamishia kwenye simu. Bado 41. Leo usiku ni namba 23, “Harusi, Langoni”, upande wa pili.